Nilinunua kioo "bora kuliko vyote" kwa nyumba ya kupashwa na jua, nyumba ikabaki baridi (uzi mrefu)

MzeeWaFremu

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka arudi baadae akiwa na chai. Naona kila siku watu wanaulizana paneli, betri, inveta, ila dirisha hakuna anayeuliza, na mimi dirisha ndo lililonitoa jasho, au niseme ndo lililoninyima jasho.

Kisa chenyewe hiki. Nimejenga nyumba ya kupashwa na jua, zile ambazo hazina mashine yoyote, jua la msimu wa baridi linaingia dirishani mchana linapiga sakafu, sakafu ni zege nene lina vigae juu, inakunywa joto, usiku inalitoa taratibu. Ramani ilikuwa safi. Upande wa jua madirisha makubwa, upande wa nyuma vidirisha viwili vya kupumulia basi. Kuta na dari tulijaza insulesheni mpaka fundi akawa ananitania najenga friji. Ikafika zamu ya vioo. Nikaenda kwa muuzaji mmoja (simtaji, na wala sina kesi naye, nilichoomba ndicho alichonipa) nikamwambia nipe kioo bora ulichonacho, bei tutaongea. Akanipa kioo dabo (vioo viwili vilivyobanwa pamoja), kati kati kina gesi ya arigoni, na kimepakwa ule utando wa kisasa wa low-e wa kuzuia joto la chumba lisitoke, akanionyesha kwenye karatasi U yake ni 1.1. Mi nilishasoma soma kidogo najua U ikiwa ndogo joto halitoroki, nikafurahi, nikaagiza nyumba nzima pande zote nne kioo hicho hicho.

Siku ya kushusha mzigo kimoja kikavunjika, cha sebuleni cha pembeni. Kutengeneza kingine ni wiki kadhaa. Fundi akaniazima kioo dabo cha kawaida kabisa kilichombakia kwenye kazi nyingine, hakina utando, hakina gesi, vipimo vilikaribiana akaziba ziba na mpira akasema mzee kitakusogeza.

Baridi ikaingia. Siku moja jua kali nje, saa nane mchana, niko peku natembea sebuleni. Vigae baridi, baridi, baridi, nafika mbele ya kile kioo cha kuazima, vya moto. Sio vuguvugu, vya moto kama mtu ametoka kuinua sufuria hapo. Narudi nyuma hatua mbili, baridi. Nikamwita mke wangu avue ndala apite na yeye, asije akasema nimeanza. Akapita, akasimama pale pale niliposimama mimi, akaniangalia bila kusema kitu. Na hela ya vioo anaijua yeye.

Ndo nikakaa chini na lebo. Kumbe kioo kina namba mbili za kuangalia na mi nilikuwa naangalia moja. U ni joto linalotoroka kwenda nje, kipimo chake ni wati kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya ndani na nje. Ya pili ndo iliyoniumiza, Ulaya wanaiita g, Marekani wanaandika SHGC, ni sehemu ya joto la jua inayopita kuingia ndani. Kioo kimoja cha kawaida kisicho na kitu g yake kama 0.86. Kioo dabo cha kawaida, kile cha kuazima, kama 0.75. Changu cha bei mbaya? 0.38. Yaani nimejenga nyumba ya kunywa jua halafu nikaifunga mdomo.

Na ubaya wake kwa macho huoni tofauti. Mwanga unapita karibu vile vile, asilimia 70 hivi, chumba kinang'aa, kivuli cha fremu kinachora mistari sakafuni kama kawaida. Karibu nusu ya nguvu ya jua iko kwenye miale ambayo jicho haliioni, na hiyo ndo utando wa kisasa unaitupa nje. Kwa jengo la ofisi lenye vioo tupu kwenye joto kali hicho ni kioo cha maana sana. Kwa nyumba yangu ni mlinzi anayefukuza wageni wote mpaka mwenye nyumba.

Ntaendelea na hesabu huko chini, ngoja kwanza niachie wenye maswali.

kipepeo_77

Pole mkuu. Swali la kijinga, upande wa jua ndo upi? Maana kwangu jua linatoka mashariki linazama magharibi kama kwa watu wote 😂

MzeeWaFremu

Sio la kijinga. Upande wa jua ni ule jua linaouelekea saa sita mchana msimu wa baridi. Ukiwa nusu ya kaskazini ya dunia ni kusini, ukiwa nusu ya kusini ni kaskazini. Mashariki na magharibi jua lipo lakini linakuja chini chini, asubuhi na jioni, na kiangazi ndo linakaa huko muda mrefu, kwa hiyo dirisha la magharibi linakupa joto wakati hulitaki na baridi wakati huutaki. Huko ndo pa kuweka kile kioo changu cha 0.38.

Fundi Mkongwe

Niongezee hapo kwa sababu vioo nimebeba miaka mingi. Huo utando sio wa aina moja watu mnauita low-e kama vile ni kitu kimoja. Kuna utando mgumu, unapakwa kiwandani kioo kikiwa bado cha moto, ni oksaidi ya bati, hauchubuki, unaweza kuushika. Huo unapitisha jua vizuri, kwenye kioo dabo g inabaki kama 0.70. Halafu kuna utando laini, ni fedha kweli kweli ile ya mapambo, nyembamba sana, inapakwa ndani ya chemba isiyo na hewa, na lazima ikae ndani ya dabo maana hewa inaiharibu. Fedha inaweza kuwa tabaka moja, mbili au tatu. Kila tabaka likiongezeka jua linazidi kukatwa, tatu unafika kwenye 0.27 huko. Mzee wa Fremu kauziwa tabaka mbili. Angeomba tabaka moja ile yenye g kubwa angepata kama 0.60 na U ile ile ya 1.1. Ipo, ila usipoitaja hupewi, kwa sababu wateja wengi wanalalamika joto sio baridi.

Na kitu kingine, huo utando kazi yake hasa sio jua ni joto la chumba. Joto la sakafu, kuta, mwili wako, linasafiri kwa miale mirefu. Kioo cha kawaida kinaimeza halafu kinaitema nje, kama 84 kwa mia ya uwezo wote wa kutema. Utando mgumu unatema 15 hadi 20, wa fedha unatema kama 3 tu. Kwa hiyo unaweza kuwa na utando unaozuia joto la ndani lisitoke na bado ukaruhusu jua liingie, hayo ni mambo mawili.

kipepeo_77

Sasa mimi nyumba nimenunua ina vioo tayari, ntajuaje vina utando au hamna? Lebo hazipo

Fundi Mkongwe

Kiberiti cha gesi. Usiku, zima taa, simama ndani, washa moto sogeza karibu na kioo uangalie kwa pembeni. Kioo dabo kina nyuso nne kwa hiyo utaona vimoto vinne vimejipanga. Vikiwa rangi moja vyote, hakuna utando. Kimoja kikiwa na rangi tofauti, kama zambarau au pinki hivi, hapo ndo utando ulipo. Nyuso tunahesabu kutoka nje, wa kwanza unapigwa na mvua, wa nne ndo unaufuta wewe ndani. Kwa hiyo ukiwa ndani kimoto cha kwanza karibu yako ni uso wa nne. Cha pili kikiwa na rangi, utando uko uso wa tatu, hapo unapenda jua. Cha tatu kikiwa na rangi, uko uso wa pili, hapo umewekwa kukataa jua. U haibadiliki, ila g inabadilika. Nimewahi kukuta nyumba mafundi wamegeuza vioo nusu nusu, vingine nje ndani vingine ndani nje, mwenye nyumba anashangaa chumba cha watoto kina joto cha kwake hamna.

MzeeWaFremu

Hiyo ya kiberiti nimeifanya jana usiku kwenye nyumba nzima, jirani akanipigia simu kuuliza kama umeme umekatika kwangu tu 😂

Haya hesabu niliyoahidi. Chukua mita moja ya mraba ya kioo upande wa jua. Ndani nyuzi 20, nje wastani wa sifuri kwa masaa 24. Siku ya jua safi tuseme dirisha linapigwa na uniti 4 (kilowati saa nne), siku ya mawingu tuseme 0.8. Joto linaloingia ni g mara jua, linalotoka ni U mara 20 mara 24, gawa kwa 1000 ije kwenye uniti.

Kioo kimoja cha kawaida (U 5.8): siku ya jua faida 0.66, siku ya mawingu hasara 2.10. Hicho ni ndoo yenye tundu.
Dabo cha kawaida (U 2.8, g 0.75): siku ya jua faida 1.66, mawingu hasara 0.74.
Dabo utando mgumu na gesi (U 1.7, g 0.70): jua faida 1.98, mawingu hasara 0.26.
Dabo fedha tabaka moja (U 1.1, g 0.60): jua faida 1.87, mawingu hasara 0.05, karibu na bure.
Changu (U 1.1, g 0.38): jua faida 0.99, mawingu hasara 0.22.

Mnaona hapo? Kioo cha kuazima kisicho na kitu kinanishinda siku ya jua zaidi ya mara moja na nusu, ila siku ya mawingu kinanila. Kwa hiyo sisemi mkanunue dabo la kawaida. Nasema ukiuliza U peke yake, cha pili kutoka mwisho na cha mwisho ni kitu kimoja, wakati kimoja kinakuletea karibu mara mbili ya mwenzake.

Na huku kwangu msimu wa baridi mawingu ni ya kuhesabika. Mwenye wiki mbili mbili za mawingu hesabu zake zinaelekea kwenye U ndogo zaidi. Chukua jua la kwenu uweke pale kwenye 4 na 0.8, usikariri namba zangu.

Bint_Sakafu

Mbona ile ya vioo vitatu hujaiweka? Mi nimeambiwa ndo mwisho wa matatizo

MzeeWaFremu

Dada nilisahau kweli. U 0.7, g 0.50, siku ya jua faida 1.66, siku ya mawingu faida 0.06. Yaani hata mawingu haikudai. Siku ya jua inalingana na dabo la kawaida, usiku haina mpinzani. Ila ni nzito, bawaba ziwe za maana, na bei imechangamka.

Ngazi_ya_Tatu

Kwenye hiyo ya vioo vitatu kuna kanuni fupi ya wale wa Passivhaus, wanaojenga nyumba zisizohitaji karibu joto lolote la mashine, nyumba yao ya kwanza walijenga Darmstadt Ujerumani, watu wakahamia 1991. Wanachukua U ya kioo wanatoa 1.6 mara g, jibu likiwa sifuri au chini yake kioo kinafaa, kinaingiza kuliko kinavyotoa kwa msimu mzima wa baridi wa Ulaya ya kati. Ya kwako dada: 0.7 toa 0.8, hasi 0.1, imepita. Ya mwenye uzi iliyomponza: 1.1 toa 0.61, imefeli vibaya. Ile ya tabaka moja ya fedha: 1.1 toa 0.96, imefeli kidogo. Hiyo 1.6 ni ya jua la kule lakini, kwenye jua jingi inakuwa kubwa zaidi.

Jembe la Mkono

Samahani wakuu mi naomba nipinge kidogo. Mnasifia g kubwa kama vile jua halina kiangazi. Mi nilifata ushauri huu huu, nikajaza ukuta mzima wa sebule vioo vya g kubwa toka chini mpaka juu. Mwezi wa kwanza wa baridi raha tupu, nilikaa na singlendi nje kuna barafu. Ikafika siku za katikati, zile jua bado liko chini lakini hewa imeshapoa baridi yake, sebule ikafika nyuzi 31 saa tisa mchana, tunafungua madirisha tunapasha joto nje. Kiangazi ndo usiseme. Saivi nimeweka mapazia mazito mchana kutwa nakaa gizani kwenye nyumba ya vioo. Bora 0.38 ya mzee.

MzeeWaFremu

Jembe nakuelewa na huna kosa, ila shida yako sio aina ya kioo ni wingi wa kioo, naomba nikuulize mambo matatu. Sebule ina mita ngapi za mraba? Kioo mita ngapi? Sakafu ni nini?

Jembe la Mkono

Sebule 40, kioo kama 14. Sakafu mbao, juu kapeti.

MzeeWaFremu

Sasa ndo hapo. Kioo ni asilimia 35 ya sakafu. Kanuni ya mazoea ni kwamba nyumba ya kawaida isiyo na zege la kutunza joto, kioo cha upande wa jua kisizidi kama asilimia 7 ya eneo la sakafu, ukitaka kwenda mpaka 12 hivi lazima uwe na sakafu au ukuta mzito unaopigwa na jua moja kwa moja. Wewe una mara tano halafu jua likiingia linakuta kapeti. Kapeti halinywi joto, linalirudisha hewani hapo hapo, ndo maana saa tisa unaungua na saa nne usiku unatafuta blanketi. Au nadanganya?

Jembe la Mkono

Blanketi mpaka mbili. Hujadanganya.

MzeeWaFremu

Na una upenu? Hili ndo jambo linalofanya g kubwa isikuchome kiangazi. Mfano uko latitudo 40. Saa sita mchana katikati ya baridi jua liko nyuzi 26 na nusu tu juu ya upeo, katikati ya kiangazi liko 73 na nusu. Ukiwa na upenu uliotokeza sentimita 60, kiangazi kivuli chake kinashuka mita 2 kamili ukutani, dirisha la mita moja na nusu limefunikwa lote. Baridi upenu huo huo kivuli chake kinashuka sentimita 30 tu, na ukiacha sentimita 30 za ukuta juu ya dirisha basi kioo chote kinapata jua. Hakuna swichi, hakuna mota, hakuna wa kuvuta pazia.

Ila upenu hauna akili, unafata kalenda haufati hali ya hewa. Zile siku za katikati ulizosema, jua la miezi miwili kabla ya katikati ya kiangazi na miezi miwili baada yake ni lile lile, ila moja unataka joto na nyingine hutaki. Hapo turubai la kukunja au mzabibu unaopukutisha majani unasaidia. Na kwa magharibi upenu ni pambo tu, jua linapita chini yake, ndo maana narudia, magharibi kioo cha g ndogo.

mti_mkavu

Sisi wa karibu na ikweta ila tuko milimani, usiku unakuwa wa baridi ya kutetemeka, hii kitu inatuhusu au tupite?

Ngazi_ya_Tatu

Inawahusu kwa kiasi. Ikweta saa sita jua halishuki chini ya nyuzi 66 mwaka mzima, nusu mwaka linapita upande wa kaskazini nusu mwaka upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini linaambulia kidogo tu na upenu mfupi unaliziba kabisa. Jua linaloingia dirishani kwenu ni la asubuhi na jioni. Dirisha la mashariki la wastani, kioo cha g kubwa, sakafu ya zege, linapasha nyumba baada ya usiku wa baridi. La magharibi ukitaka sakafu ibaki na joto la usiku, ila usilitanue, na uwe na kitu cha kuziba nje kwa siku za joto. Halafu kwenu baridi ni ya usiku, kwa hiyo kuziba nyufa na insulesheni ya dari italipa kabla ya kioo chochote.

Fundi Mkongwe

Na wa milimani naomba mnisikilize. Kioo dabo kikifungwa kiwandani chini kwenye tambarare halafu kikapandishwa juu sana, hewa ya ndani inasukuma, kioo kinatuna kama tumbo, kinaweza kupasuka njiani. Mwambieni mtengenezaji kinaenda urefu gani kabla hajaziba. Wengine wanaweka kamrija kembamba ka kusawazisha hewa, lakini kamrija kakiachwa wazi arigoni inatoroka, kwa hiyo usilipie gesi ambayo hutokuwa nayo.

Ngazi_ya_Tatu

Mzee wa Fremu kuna kitu nataka nikusahihishe kwa heshima. Umesema g na SHGC kama ni kitu kimoja. Wazo ni moja ila lebo sio moja. Lebo za Marekani zinapima dirisha zima pamoja na fremu, g ya Ulaya ni ya kioo peke yake. Kioo cha 0.60 ukikiweka kwenye fremu nene inayokula robo ya dirisha, dirisha zima linabaki kama 0.45. Mtu akisoma lebo mbili za nchi mbili atadhani moja ni mbovu. Na U ya Marekani iko kwa vipimo vyao, zidisha kwa 5.678, 0.30 yao ni 1.7 yetu. Kuna jamaa alishangilia kupata U ya 0.30 akadhani kapata kioo cha miujiza.

MzeeWaFremu

Nakubali, nilichanganya. Namba zote nilizoweka juu ni za kioo peke yake, ukiweka fremu g zote zinashuka.

Na hapo kwenye fremu kuna hela watu wanatupa. Bora dirisha moja kubwa kuliko vinne vidogo vya eneo lile lile, kwa sababu kila kimoja kina fremu yake na ukingo wake. Alumini tupu, isiyo na kipande cha plastiki katikati, inapitisha baridi kama kijiko kwenye chai, asubuhi inatoa jasho mpaka ukuta unaota ukungu. Na kile kipande kinachotenganisha vioo viwili ukingoni, kikiwa cha alumini nacho ni hivyo hivyo, omba cha plastiki au cha chuma cha pua chembamba. Nafasi kati ya vioo nayo usiache kuuliza, kwa hewa au arigoni milimita 16 hivi ndo pazuri, 6 ni ndogo mno, na ukizidisha sana hewa inaanza kuzunguka yenyewe inabeba joto kutoka kioo cha ndani kupeleka cha nje.

Bint_Sakafu

Na ukungu kwenye kioo? Changu asubuhi kina maji NJE. Muuzaji kaniambia ni kasoro anataka nimlipe aje aangalie

Fundi Mkongwe

Usimlipe. Maji nje asubuhi maana yake kioo cha nje kimebaki baridi kwa sababu joto lako halitoki. Maji ndani ya chumba ni unyevu umezidi, au kioo kibovu. Maji katikati ya vioo viwili, sehemu ambayo huwezi kufuta, hiyo mihuri imekufa, badilisha.

mti_mkavu

Nikibandika tinti ndani kupunguza mwanga wa kuumiza macho?

Fundi Mkongwe

Kwenye dabo usibandike bila kumuuliza aliyekitengeneza. Tinti inameza jua, kioo cha ndani kinachemka katikati huku ukingo uliojificha kwenye fremu uko baridi, kinapasuka. Ufa wake utaujua, unaanza ukingoni umenyooka halafu unapinda pinda kama mto.

kipepeo_77

Hii kitu ya kupasha nyumba na jua imeanza lini lakini? Naona kama mambo ya juzi tu

Ngazi_ya_Tatu

Wagiriki wa kale walikuwa wanajadili nyumba iangalie wapi ili jua la baridi liingie. Kwa vioo, kuna mchoraji majengo George Fred Keck, alijenga nyumba ya vioo kwa ajili ya maonyesho ya Chicago ya 1933, akakuta siku ya baridi mafundi wanafanya kazi ndani na mashati tu wakati mashine ya kupasha joto bado haijawekwa. Hakuwa amepanga hivyo. Na kioo chenyewe kilikuwa cha kawaida, kisicho na utando.

Jembe la Mkono

Kwa hiyo na yeye alitembea peku kama mzee 😂

Mi nimeshang'oa kapeti juzi. Naangalia namna ya kumwaga zege na upenu. Mzee wewe ulimalizaje? Ulibadilisha vyote?

MzeeWaFremu

Hapana, ningeuza gari. Magharibi na mashariki vimebaki vile vile, vinafanya kazi nzuri tu kiangazi. Nyuma napo vimebaki, huko jua halifiki kwa hiyo g haina maana, U ndo kila kitu. Nilibadilisha vya upande wa jua tu, nikaweka fedha tabaka moja, na safari hii sikusema "kizuri", niliandika kwenye oda g isiwe chini ya 0.60, U isizidi 1.1, utando uso wa tatu, nikamwambia muuzaji asaini. Vilipofika nikawasha kiberiti pale pale kwenye gari kabla havijashushwa, vijana wakadhani nataka kuchoma mzigo. Vya zamani kimoja kiko stoo, vingine amechukua rafiki yangu anayejenga kwenye joto kali, na anavisifia sana.

Usiku tunafunga mapazia mazito, ila mpaka tulipoziba juu ya fimbo ndo yakaanza kusaidia. Kabla ya hapo hewa ya joto ilikuwa inaingia juu nyuma ya pazia, inapoa kwenye kioo, inatokea chini kwenye miguu.

Bint_Sakafu

Na kile cha kuazima ulirudisha?

MzeeWaFremu

Bado kipo. Cha kuchukua nafasi yake kilishatengenezwa kimekaa kwenye kreti, ila mke wangu ameweka kiti chake pale pale na hasogei. Fundi kashakuja kukidai mara mbili. Nimemwambia akija mara ya tatu avue viatu kwanza apite hapo, halafu ndo tuongee.